Kuchagua na Kujifunza Programu za Kuchora Nyumba na Makabati

Mchoro wa kabati hukamilika pale tu unaposomwa na mtu asiyeuchora, na mara nyingi mtu huyo ni mkataji aliyesimama mbele ya msumeno wa meza, mwenye karatasi yenye vumbi mkononi na bodi ambayo mteja amekwisha kuilipia. Kwa sababu hiyo, mtu anayetafuta programu ya kompyuta ya kuchorea nyumba na makabati ya kujengea ndani yake anashauriwa aanze kufikiri kutoka mwisho wa kazi, yaani kwenye karatasi au faili litakalomfikia mtendaji, kabla hajavutwa na picha ya jiko linalong'aa lenye taa za darini na bakuli la matunda juu ya kaunta. Picha nzuri siku hizi hutolewa na programu karibu zote. Ambazo si nyingi ni zile zinazotoa orodha ya vipande ambayo fundi anaweza kuikata tangu asubuhi hadi jioni bila kumpigia mchoraji simu.

Jamii nne chini ya jina moja

Watu husema "programu ya ramani" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali jina hilo hubeba angalau jamii nne za zana, na makosa mengi ya uchaguzi huanzia hapo. Jamii ya kwanza ni programu za michoro bapa, ambazo zilichukua nafasi ya meza ya kuchorea na rula ndefu. AutoCAD, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Autodesk mwaka 1982, ndiyo iliyozieneza katika ofisi za wabunifu majengo, na faili lake la aina ya DWG limebaki kuwa lugha inayoeleweka kwa wahandisi, wapima ardhi na maofisa wa mipango miji. Katika jamii hii mstari ni mstari tu: mistari miwili sambamba iliyoachana kwa milimita 150 huweza kumaanisha ukuta wa tofali la inchi 6, lakini kompyuta haijui kwamba ni ukuta, wala haitamwonya mchoraji akiweka mlango mahali ambapo ngazi inapita. LibreCAD, inayogawiwa bila malipo, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na fundi anayehitaji tu kuonyesha mwonekano wa mbele wa kabati pamoja na mkato wake, yaani sura ya kabati kana kwamba limepasuliwa ili ndani paonekane, anaweza kuitumia kwa miaka bila kukwama.

Jamii ya pili ni programu za kuunda maumbo ya pande tatu, na iliyo maarufu zaidi miongoni mwa maseremala ni SketchUp, iliyozaliwa Boulder katika jimbo la Colorado mwaka 2000. Mtumiaji huchora umbo bapa kisha hulivuta likapata kimo, na kwa kuwa kila ubao huundwa peke yake na kuegemezwa kwa mwenzake, mtu aliyewahi kushika randa huielewa upesi kuliko mtu aliyesoma michoro darasani tu. Historia ya umiliki wake inafaa kujulikana na kila anayepanga kuitegemea. Google iliinunua mwaka 2006 na kuigawa bure kwa upana, kisha mwaka 2012 ikaiuza kwa Trimble; toleo la bure la kusakinishwa kwenye kompyuta likakomea mwaka 2017, na mwaka 2020 leseni ya kulipia mara moja ikaacha kuuzwa, ikabaki ya kulipia kwa kipindi. Lililosalia bure hutumika kupitia kivinjari cha intaneti, limekusudiwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na halipokei viongezi, yaani programu ndogo zinazobandikwa kwenye programu kubwa ili kuipa uwezo mpya. Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo inayomuumiza seremala zaidi, kwa sababu OpenCutList, kiongezi huria kinachogeuza mchoro wa SketchUp kuwa orodha ya vipande na mpangilio wa kukata bodi, huhitaji toleo lililosakinishwa.

Jamii ya tatu ni ile inayojulikana kwa herufi BIM, ambamo jengo huhifadhiwa kama mkusanyiko wa vitu vyenye taarifa zake. Humo ukuta ni ukuta: una tabaka za tofali na lipu, una kimo, na dirisha likiwekwa ndani yake tundu hutoboka lenyewe kwenye ramani, kwenye mwonekano na kwenye mkato kwa wakati mmoja, na idadi ya madirisha huongezeka kwenye jedwali bila mtu kuihesabu. ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria na Revit, ambayo Autodesk iliinunua mwaka 2002, ndizo kubwa katika jamii hii, na zote mbili huweza kubadilishana kazi kupitia faili la IFC, ambalo ni kiwango huria kisichomilikiwa na muuzaji yeyote. Mtu anayechora nyumba nzima na kuandaa makabrasha ya kuombea kibali cha ujenzi hujiokolea muda mwingi humu. Fundi wa makabati, kwa upande wake, akiingia humo ni sawa na kukodi lori ili kupeleka kiti kimoja.

Jamii ya nne ni programu mahususi za makabati, kama vile Cabinet Vision, Mozaik, Microvellum na Polyboard ya Ufaransa. Msingi wake ni vigezo, yaani namba chache zinazotawala namba nyingine zote: mtumiaji huandika upana, kimo, kina na unene wa bodi, na programu hukokotoa ukubwa wa kila kipande, mahali pa kila tundu la bawaba na reli ya droo, hadi amri za kuendeshea mashine ya CNC, ambayo ni mashine ya kukata na kutoboa inayoongozwa na kompyuta. Bei zake na muda wa kuzizoea huwa na maana kwa karakana yenye mashine hiyo au yenye oda zinazofanana mfululizo. Hata kwa karakana hiyo, malipo yasifanywe kabla muuzaji hajaonyesha kwamba programu ina kitafsiri cha mashine iliyopo, yaani sehemu inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine ile ile, na kabla faili lililochorwa na mnunuzi mwenyewe halijakata kipande halisi.

Nje ya jamii hizo zipo zana mbili za bure zinazostahili kutajwa. Sweet Home 3D hupanga vyumba na samani kwa namna ambayo hata mwenye nyumba asiye fundi anaweza kuitumia jioni moja na kuona kama kitanda na kabati vitakaa bila mlango kugonga, ingawa haifai kwa kukatia bodi. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2024, ni ngumu zaidi kujifunza, lakini vipimo vya mchoro wake huweza kufungwa kwenye jedwali la namba, jambo linaloipa tabia ya programu za vigezo bila gharama yake. Kwa karakana yenye msumeno mmoja wa meza na mafundi wawili au watatu, hali ya karakana nyingi za Keko jijini Dar es Salaam au za Gikomba jijini Nairobi, chaguo la busara ni SketchUp iliyolipiwa pamoja na OpenCutList ikiwa kazi zinaingiza fedha za kuilipia, au FreeCAD ikiwa muda upo na fedha hazipo.

Kabati moja la milimita 600

Ubora wa programu haupimwi kwa orodha ya uwezo wake, ambayo kila muuzaji anayo. Hupimwa kwa kabati moja. Lichukuliwe kabati la chini la jiko lenye upana wa milimita 600, kimo cha 720 bila miguu, na kina cha 560, lililotengenezwa kwa bodi ya MDF yenye unene wa 18. Mbavu zake mbili zina ukubwa wa 720 kwa 560. Kitako, kinachokaa kati ya mbavu, kina upana wa 564, kwa maana 600 huondolewa unene wa mbavu mbili. Juu, badala ya bodi nzima, huwekwa vipande viwili vya kufungia vya 564 kwa 100, kwa sababu kaunta itafunika sehemu hiyo. Mlango mmoja unaofunika mbele yote, ukiachiwa mwanya wa jumla wa milimita 3, una ukubwa wa 597 kwa 717.

Sasa dukani bodi ya 18 imekwisha na iliyoletwa ni ya 16, tukio ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kununua bodi. Kitako cha 564 kikifungwa kati ya mbavu za 16, kabati linakuwa na upana wa 596. Makabati matano yaliyopangwa kwa mstari yanapungukiwa na milimita 20, na milango ya 597 iliyokwisha kukatwa haina tena mwanya: kila mmoja umezidi kabati lake kwa milimita moja na utagongana na jirani yake. Katika mchoro bapa, kila namba itabidi irekebishwe kwa mkono. Katika SketchUp isiyo na kiongezi, kila kipande kitavutwa upya. Katika programu ya vigezo, au katika FreeCAD iliyofungwa kwenye jedwali, namba 18 hugeuzwa kuwa 16 mara moja na kitako hujigeuza kuwa 568. Mnunuzi anayejaribu programu afanye zoezi hili hili mbele ya muuzaji, saa ikiwa mezani.

Zoezi la pili ni la mpangilio wa kukata. Bodi ya kawaida ya futi 8 kwa 4 ina milimita 2440 kwa 1220, na meno ya msumeno hula takriban milimita 3 kila yanapopita. Mistari miwili ya kina cha 560 ikikatwa kwa urefu wa bodi, hubaki 1220 ukitoa 1120 na milimita 6 zilizoliwa na msumeno, yaani 94. Vile vipande vya kufungia vya 100 havitoki kwenye masalio hayo, na itabidi bodi nyingine iguswe kwa ajili ya milimita 6. Mchoraji akivipunguza viwe 90, au 80 ikiwa mkataji ana desturi ya kwanza kunyoosha kingo za bodi, vipande vyote vya kufungia vinatoka kwenye masalio ambayo yangeishia kuwa kuni. Programu isiyouliza unene wa msumeno itaonyesha masalio ya 100 kamili na kumdanganya mchoraji kwa heshima zote.

Yapo mengine mawili ya kuchungulia katika zoezi hilo. Bodi yenye sura ya mbao ina mwelekeo wa nyuzi, na mbavu za 720 pamoja na milango hutakiwa nyuzi zake zisimame wima. Programu ikiruhusiwa kugeuza vipande itaokoa nusu ya bodi na kumletea mteja mlango mmoja ambao nyuzi zake zimelala. Pia utepe wa kingo, ambao mafundi wengi huuita ejingi, una unene wake: mlango wa 597 kwa 717 unaozungushiwa utepe wa milimita 2 pande zote hukatwa 593 kwa 713, na karatasi ya kukatia ni lazima iseme waziwazi kama vipimo vyake ni vya kabla au baada ya utepe. OpenCutList na programu mahususi za makabati hushughulikia jambo hili. Mtu anayeandika orodha kwa mkono ajiwekee kanuni moja na asiibadilishe katikati ya kazi.

Kuhusu vifaa vya chuma, makabati yasiyo na fremu ya mbele hufuata kwa kawaida mfumo wa milimita 32 ulioenea Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo matundu ya milimita 5 hupangwa kwa kuachana milimita 32, mstari wake wa mbele ukiwa milimita 37 kutoka ukingo wa ubavu, na kikombe cha bawaba ya kujificha huhitaji tundu la milimita 35 mlangoni. Programu yoyote isiyoweza kuhifadhi vipimo hivi katika kiolezo, yaani kabati la mfano linalonakiliwa kwa kila kazi mpya, itamlazimu mtumiaji kuvikumbuka kila mara.

Pale nyumba inapokutana na kabati

Mchora nyumba na mtengeneza kabati huzungumzia chumba kimoja kwa namba tofauti. Ramani ikisema chumba kina upana wa milimita 3000, mara nyingi hiyo ni nafasi kati ya tofali na tofali. Lipu ya milimita 15 kila upande huacha 2970, na vigae vya jikoni pamoja na gundi yake hupunguza tena. Kabati la nguo lililochorwa 3000 kutokana na ramani halitaingia, na hakuna programu itakayolalamika, kwa kuwa kwenye skrini kila kitu kinakaa sawasawa. Mtumiaji wa BIM anaweza kuweka lipu kama tabaka la ukuta na kuamuru vipimo visomwe kutoka uso wa nje wa lipu. Mtumiaji wa programu nyingine aandike kwenye mchoro kwamba vipimo vya makabati vitachukuliwa baada ya lipu na vigae kukauka, kisha aheshimu maandishi yake mwenyewe.

Programu zote, za bure na za ghali, huanza kwa kudhani kwamba kona ya chumba ni nyuzi 90. Upimaji ndio unaosahihisha dhana hiyo: upana wa nafasi upimwe chini, katikati na juu, kuta zipimwe kwa timazi, na ulalo, yaani umbali wa kona hadi kona ya mkabala, upimwe pande zote mbili. Chumba cha 3000 kwa 4000 kilichonyooka kina ulalo wa 5000 kamili. Ulalo mmoja ukiwa 5030 na mwingine 4970, kabati la kina cha 600 lililosukumwa kwenye kona litaacha upenyo wa milimita saba na nusu hivi, na upenyo huo hauna budi kuwekewa kijazo, ambacho ni kipande chembamba kinachokatwa kufuata umbo la ukuta, tangu kwenye mchoro na si siku ya kufunga. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, tofauti hizo huwa kubwa zaidi. Pengine si bure kwamba waashi wa Lamu walitengeneza zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya ukuta wenyewe; rafu isiyoegemea ukuta haigombani nao.

Kosa jingine ambalo mchoro wa pande tatu unaweza kulifichua mapema ni la kusimamisha kabati. Kabati la nguo lenye kimo cha 2400 na kina cha 600, likifungwa likiwa limelala sakafuni, huhitaji nafasi ya milimita 2474 wakati wa kuinuliwa, maana huo ndio ulalo wa ubavu wake. Chini ya dari ya 2450 litakwama likiwa limeinama, ingawa likisimama lingebakiwa na milimita 50. Likitengenezwa kwa sehemu mbili, kitako cha kukalia cha milimita 100 na kasha la 2300, ulalo wa kasha huwa takriban 2377 na kazi huenda. Kwenye skrini uchunguzi huu ni mstari mmoja tu kutoka kona hadi kona.

Kuhusu mipaka ya kisheria, inatosha kusema kwamba programu haimfanyi mtumiaji kuwa mbunifu majengo. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Kenya ina bodi yake ya usajili wa taaluma hizo; michoro ya kuombea kibali ifuate taratibu zao, hata kama aliyeichora ana uwezo mkubwa wa Revit.

Leseni, kompyuta na umeme

Wanafunzi na walimu wanaostahiki hupewa na Autodesk haki ya kutumia programu zake bila malipo kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa, na Graphisoft nayo ina leseni ya wanafunzi. Leseni hizo ni za kujifunzia na si za kazi ya mteja. Programu zilizovunjwa leseni, zinazokuja zikiwa zimejaa kwenye kompyuta za mitumba, hupendwa kwa sababu inayojulikana, lakini humfungia mtumiaji nje ya masasisho, huweza kubeba virusi, na humweka mahali pabaya siku mteja mkubwa atakapouliza risiti. Kwa kuwa zana huria zilizotajwa zinafanya kazi ya kweli, udhuru wa bei umepungua nguvu.

Revit hutumika kwenye Windows peke yake, ArchiCAD na SketchUp kwenye Windows na Mac, na FreeCAD pamoja na Sweet Home 3D hata kwenye Linux. Kwa makabati, kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha; kwa BIM 16 ni mahali pa kuanzia. Zana za kwenye kivinjari hula bando na hukatika mtandao ukikatika, hivyo anayefanya kazi mahali ambapo umeme na mtandao havina uhakika achague programu iliyosakinishwa, aiweke ijihifadhi kila baada ya dakika tano, na anakili kazi kwenye diski ya nje. Mwisho wa kila oda, mchoro uhifadhiwe pia kama DXF na PDF, miundo ambayo programu nyingine zitaisoma hata kama mwenye programu atabadilisha masharti tena.

Namna ya kujifunza

Menyu za programu hizi kwa kawaida hutumiwa kwa Kiingereza, na masomo mengi ya video hutoka Marekani, jambo linaloleta tatizo kubwa kuliko lugha. Seremala wa Marekani hutumia inchi, plaiwudi ya robo tatu ya inchi, na mara nyingi fremu ya mbao ngumu mbele ya kabati, ilhali karakana nyingi za Afrika Mashariki zinazotumia bodi hutengeneza makabati yasiyo na fremu, kwa milimita. Mjifunzaji anayefuata somo hilo neno kwa neno humaliza akiwa na kabati zuri lisiloweza kukatwa kwenye bodi ya dukani kwake. Atazame video kwa ajili ya kujua vitufe, lakini vipimo avichukue karakanani. Na kabla ya kuchora chochote, aweke kipimo cha programu kiwe milimita, kisha akubaliane na mafundi kuhusu maneno: futi mbili kamili ni milimita 609.6, na fundi anayesema "futi mbili" akimaanisha 600 hana kosa mpaka jiko la gesi litakapofika.

Somo la kwanza lisiwe nyumba ya ghorofa. Liwe kabati lililokwisha kutengenezwa, lililopo nyumbani au karakanani, ambalo mjifunzaji atalipima kipande kwa kipande na kulichora upya likiwa na unene halisi wa kila bodi. Asilichore kama sanduku moja lenye mistari usoni, tabia inayowapendeza wanaoharakisha picha, kwa sababu sanduku halina mbavu za kukatwa. Kila kipande kiundwe kama komponenti, yaani nakala zilizounganishwa ambazo moja ikibadilishwa zote hubadilika, na kipewe jina ambalo fundi hulitumia: ubavu wa kushoto, kitako, rafu, mgongo, mlango. Majina hayo ndiyo yatakayochapwa kwenye orodha ya vipande, na hivyo programu ya Kiingereza itatoa karatasi ya Kiswahili bila tafsiri yoyote.

Kabati likikamilika kwenye skrini, orodha yake ilinganishwe na kabati lenyewe kwa futi ya kupimia mkononi, na kila tofauti itafutiwe sababu. Hatua inayofuata ni kabati dogo jipya, kwa mfano la viatu, litakalokatwa kutokana na orodha hiyo. Mchoraji ampe fundi karatasi kisha anyamaze. Kila swali litakaloulizwa na fundi, kama ni upande gani una utepe, rafu inakaa wapi, au mlango unafungukia wapi, liandikwe, kwa kuwa ni upungufu wa karatasi na si wa fundi. Kwa kawaida karatasi ya tatu au ya nne huulizwa maswali machache, na hapo ndipo inafaa kuanza jiko zima, na baada ya jiko ndipo mjifunzaji anayetaka kuchora nyumba aingie kwenye BIM, akianza na chumba kimoja chenye ukuta, mlango, dirisha na dari.

Picha za kung'aa, zile zinazoitwa renda, zijifunzwe mwisho. Zina kazi yake, kwani mteja asiyesoma mkato huamua kwa kuona, lakini huzoeleka haraka na hula saa nyingi ambazo vipimo vilizihitaji. Mchoraji anayezitumia amwonyeshe mteja rangi ya bodi halisi pamoja na picha, kwa maana kahawia ya skrini na kahawia ya dukani hazifanani.

Kabati likishafungwa nyumbani kwa mteja, faili lirudiwe na kuandikwa lilivyokuwa kweli: kwamba ukuta wa kushoto uliinama milimita 12, kwamba kijazo cha 30 hakikutosha kikaongezwa hadi 40, kwamba bomba la sinki lilipita sentimita chache kutoka mahali lilipochorwa na mgongo ukatobolewa papo hapo. Kisha kiolezo kifunguliwe, kijazo chake kigeuzwe kuwa 40, na mgongo wa kabati la sinki uachwe wazi tangu kwenye mchoro wa oda inayofuata.